Kamba ya Mama Mkwe

Haya, shusheni pumzi. Tangu Jumamosi simu ya hapa gazetini haijapoa, na kuna dada mmoja wa saluni kanitumia ujumbe kwamba nikimuua Kamanda ataacha kununua gazeti. Dada yangu, endelea kusuka watu. Kamanda hafi leo. Leo anaaibika tu, ingawa kwa mtu wa aina yake sijui kipi kibaya zaidi.

Tulimwacha katikati ya kinamasi. Gari lake jeusi, foo wili la kujivunia, lenye hema juu ya paa na bomba refu la injini kupumulia majini, limezama hadi chini ya milango. Yeye yuko kwenye usukani. Pembeni yake yupo Katibu. Na nyuma yao, kutoka juu ya kilima, kigari cha kijani kinashuka mbio bila dalili yoyote ya breki.

Kwenye usukani wa kigari hicho yupo Mama Mkwe. Na kiti cha pembeni amekaa mke wa Kamanda.

Kwa wewe uliyeokota gazeti leo kwenye benchi la kinyozi, sikiliza haraka haraka. Kamanda ni meneja wa duka la magodoro. Jina la Kamanda alijipa mwenyewe siku aliyoanzisha Klabu ya Tope, chama cha watu wenye magari makubwa wanaokwenda kulala chini porini kwa hiari yao, na nyumbani wana vitanda. Mkewe, mtaalamu wa maabara hospitalini, amefungasha nguo na kurudi kwa mama yake. Kamanda anamwambia kila mteja wa godoro kwamba kisa ni wivu. Mke anaonea wivu gari.

Mama Mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, hakutaka maelezo marefu. Alimwambia: "Mkwe wangu, nasikia unajua njia zote za porini. Jumamosi mimi na mwanangu tunakwenda kupiga kambi ziwani. Ukitutangulia, tukakukuta umesimamisha hema, utaondoka na mkeo. Ukichelewa, usije tena kwangu kumfuata."

Rahisi, sivyo? Barabara ya ziwani ipo, hata gari la mkate linapita. Lakini Kamanda apite njia moja na gari la mkate? Thubutu. Akakata kona, akaingia njia ya mkato, na njia ya mkato ikamleta hapa.

Tuendelee.

"Simamaaa!" Kamanda alitoa kichwa dirishani. "Mama, kuna tope! Simama!"

"Hasikii," Katibu akasema, macho kayafumba. "Anaongea."

Kweli alikuwa anaongea. Mama Mkwe alikuwa amemgeukia binti yake, anamsimulia habari ya mwalimu mmoja wa hesabu aliyewahi kufundisha shuleni kwake, na hadithi yenyewe ilihitaji mikono miwili. Kigari kikaingia majini, kikaruka, kikayumba, kikapita ubavuni mwa gari la Kamanda karibu kabisa na kioo cha pembeni, kikapanda ukingo wa pili na kusimama. Hapo ndipo na habari ya mwalimu wa hesabu ilipofika mwisho.

"Kumbe kulikuwa na maji," akasema Mama Mkwe.

Tope lote lililorushwa na kigari lilitua usoni kwa Kamanda, ambaye mdomo wake ulikuwa bado wazi. Akatema. Akajifuta jicho moja. Kisha akafanya kitu pekee ambacho mtu aliyelelewa vizuri anaweza kufanya mahali kama pale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mbona umepaki kwenye maji?"

"Napumzika kidogo tu, Mama. Naacha injini ipoe."

"Ahaa." Mama Mkwe alishuka, akasimama ukingoni, mkoba begani. "Sisi tumefuata alama za matairi yako. Nikamwambia mwanangu, huyu anajua njia, twende nyuma yake."

Kamanda akajifuta jicho la pili. Alimtazama mkewe, ambaye naye alikuwa ameshuka. Mkewe hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye magurudumu ya mbele ya gari la mumewe, yaliyozama nusu. Shika hilo, msomaji, litakufaa mbele.

"Injini imeshapoa," Kamanda akatangaza kwa sauti ya kikamanda. "Natoka sasa."

Akavuta ile gia ndogo ya foo wili, ya kuyafanya magurudumu yote manne yavute. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba, yakarusha tope juu ya matete, na gari likashuka chini kidogo zaidi.

"Limekwenda chini," Katibu akasema.

"Linajipanga."

"Maji yanaingia kwenye kiatu changu, Kamanda."

Msiniambie kwamba mtu mwenye gari kama lile hawezi kukosa vifaa. Vifaa vilikuwepo! Mbele palikuwa na winchi, ile mashine yenye waya wa chuma ya gari kujivuta lenyewe. Rimoti yake ilikuwa nyumbani kabatini, bado ndani ya nailoni yake, kwa sababu Kamanda hakutaka ichafuke. Ubavuni palikuwa na sepetu zuri la chuma kipya. Sepetu hilo lilifungwa kwa kufuli ili lisiibiwe mjini, na ufunguo wa kufuli uko kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Juu palikuwa na taa sita kubwa za kumulika usiku. Jua lilikuwa linawaka.

"Kamanda," Katibu akasema, akikohoa kidogo. "Kuna kanuni ya kamba."

"Usinianze."

"Sijakuanza. Nasema tu ipo."

Katibu huyu ni fundi wa kushona sare za shule. Ni mtu mpole, ila kanuni anazipenda kuliko chakula, na leo alikuja kama shahidi wa nani katangulia. Kanuni ya kamba ilitungwa na Kamanda mwenyewe, na wanachama wote waliipigia makofi. Inasema hivi: aliyekwama ataomba kuvutwa, kwa sauti, wote wasikie. Na akishatolewa, atatii amri moja ya aliyemtoa, amri yoyote, bila kubisha.

Kamanda aliipenda sana kanuni hiyo. Mwenye duka la nyama alikwama mchangani, akaamriwa kumwoshea Kamanda gari hadi mwisho wa mwaka. Katibu mwenyewe alikwama mtoni, akaamriwa kuwa mpishi wa kambi zote, na mpaka leo anapika. Kamanda hakuwahi kukwama hata siku moja. Atakwamaje? Kila wakifika pabaya anawaambia wenzake, "Tangulieni, mimi nalinda nyuma," halafu anashuka kupiga picha mpaka njia ikanyagwe.

"Kanuni ni ya wanachama," Kamanda akanong'ona. "Mama si mwanachama."

"Kanuni inasema 'yeyote atakayemtoa'. Uliandika mwenyewe, na ulinifokea nilipotaka kuandika 'mwanachama'."

"Basi bora nizame."

"Wewe zama. Mimi nina oda ya sketi za darasa la sita." Na Katibu akafungua mlango, akashuka, akazama hadi mapajani, akatembea kuelekea ukingoni. Kiatu kimoja kilibaki kinamasini na hakijapatikana mpaka leo.

Alipofika ukingoni na kumwona Mama Mkwe kwa karibu, alijikagua vifungo vya shati. Miaka yote alikuwa fundi wa sare wa shule aliyoiongoza Mama Mkwe, na aliwahi kurudishiwa kaptura za darasa zima kwa ajili ya pindo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kiatu chako kiko wapi?"

"Kimebaki, Mwalimu."

Kule majini, gari likashuka tena. Maji yalikuwa yanaingia ndani taratibu, yanapanda kwenye mazulia aliyokuwa akiyapuliza vumbi kila Jumapili. Kamanda alitazama mazulia. Akatazama ukingo, pale mkewe aliposimama amekunja mikono. Akafikiria ziwa, hema, na nyumba ambayo siku hizi akirudi jioni anawasha redio ili kuwe na mtu anaongea. Alikuwa anamkumbuka sana mkewe, huo ndio ukweli, ingawa wateja wa magodoro hakuwaambia hilo.

"Naomba nivutwe," akasema.

"Sauti!" Katibu akaita.

"NAOMBA NIVUTWE!"

Ndege wote wakaruka kutoka kwenye matete.

"Si ungesema mapema," Mama Mkwe akasema, akafungua nyuma ya kigari chake. Akatoa kamba. Kamba yenyewe nene, ya katani, ina kitambaa chekundu kimefungwa katikati. "Hii ni kamba ya kuvutana ya shule. Nilipostaafu waliniuliza nataka zawadi gani. Walidhani nitasema kochi."

Ikafungwa huku, ikafungwa kule, kitambaa chekundu kikining'inia katikati ya maji. Mama Mkwe akaingia kwenye kigari, akakanyaga. Kamanda akakanyaga. Kamba ikakaza, ikalia. Kigari kikanguruma mpaka kikaanza kurudi nyuma chenyewe. Gari jeusi halikusogea.

"Tena!"

Wakajaribu tena. Halikusogea. Sasa maji yalifika kwenye kiti.

Hapo mke wa Kamanda akavua viatu. Akavipanga pamoja, vizuri, juu ya jani. Akakunja suruali. Akaingia kwenye kinamasi bila kumuuliza mtu, akaenda moja kwa moja hadi gurudumu la mbele la kushoto, akainama, akapeleka mkono chini ya maji, akazungusha kitu. Kisha akazunguka upande wa pili. Akainama, akazungusha. Akanyooka, akasimama dirishani kwa mumewe, tope hadi begani.

"Sasa jaribu," akasema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe tangu aondoke nyumbani.

Kamanda akakanyaga. Na gari, jamani, gari likashtuka! Magurudumu ya mbele yakashika, yakajikokota, pua ikainuka, maji yakamwagika milangoni, na lile dude zima likatoka kinamasini kwa nguvu zake lenyewe, likapanda ukingo, likampita hata Mama Mkwe. Kamba ilikuwa imelala majini, imelegea kabisa.

Wote wakaitazama kamba.

Kisha Kamanda akaruka chini, mikono juu.

"Sikuvutwa! Mmeona? Kamba imelegea! Katibu, ulikuwa unatazama? Imelegea!"

"Imelegea," Katibu akakubali, kwa uchungu mkubwa.

"Kanuni inasema nini?"

"Inasema kuvutwa ni kamba kukaza na gari kusogea. Ilikaza, gari halikusogea. Gari likasogea, haikukaza."

"Basi hakuna amri! Nimetoka mwenyewe! Nyie twendeni, ziwa liko nyuma ya kilima hiki, mimi nawatangulia, nasimamisha hema, mambo yamekwisha!" Alikuwa anacheka, anapiga boneti makofi, anazunguka gari akilisifu. "Nilisema mimi! Nilisema linajipanga!"

Nawaapia, nilipofika hapa nilitamani kuingia mwenyewe kwenye hadithi nimzabe kibao. Mwanamke amesimama pale, tope hadi begani, na huyu anazunguka gari. Hakumuuliza hata umefanya nini. Hata asante, hata pole, hakuna.

Aliyeuliza ni Katibu.

"Shemeji, samahani. Pale chini ulizungusha nini?"

Mke wa Kamanda alikuwa anajipangusa mkono kwa majani.

"Vifungio vya magurudumu ya mbele. Kuna viwili, huku na huku. Ukitaka magurudumu yote manne yavute, unashuka kwanza unavizungusha kwa mkono, ndipo unavuta ile gia ndogo. Usipovizungusha, taa inawaka ndani, lakini mbele hakuna kinachovuta."

Makofi kwenye boneti yakakoma.

"Hivyo vifungio," Kamanda akasema polepole, "mimi nilidhani ni urembo."

"Najua."

"Kwa hiyo tangu ninunue hili gari..."

"Umekuwa ukiendesha magurudumu mawili."

Katibu akakaa chini, hapo hapo kwenye tope. "Ina maana klabu nzima," akasema, "milimani, mtoni, jangwani, tulikuwa tunaongozwa na teksi."

"Nani kakuambia habari za vifungio?" Kamanda akamuuliza mkewe.

"Yule aliyekuuzia. Siku ile tunalichukua. Alikuwa anakuonyesha wewe, ila wewe ulikuwa umekaa juu ya boneti unapigwa picha. Nikasikiliza mimi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Tukiwa njiani, hata nyumbani hatujafika. Ukasema, 'Mke wangu, mambo ya magari niachie mimi.'" Akatupa majani. "Nikakuachia."

Mama Mkwe alianza kukunja kamba yake, taratibu, kama mtu asiyesikiliza. Alikuwa anasikia kila neno.

"Unawaambia watu nimeondoka kwa wivu wa gari," mkewe akaendelea. Sauti haikupanda. "Mimi gari nalipenda. Nalipenda kuliko unavyojua. Napenda kulala nje, napenda kuamka ziwani. Kinachonichosha ni kuongea na mtu aliyekaa mbele yangu, na maneno yangu yanaanguka sakafuni. Naumia. Ningekuwa naongea na godoro lako moja la dukani, angalau lingebonyea."

 Tope lilikuwa linaanza kukauka usoni mwa Kamanda, kila akitaka kusema uso unapasuka. Aliona haya. Sizungumzii ile haya ya kukwama mbele ya mkwe, ile ilikuwa imeshapita. Hii ilimkaa kifuani, na hakujua ayaelekeze wapi macho yake.

Mama Mkwe akatazama upande wa ziwa. "Mkwe wangu, mbona hutangulii? Njia nyeupe. Kwa haki umeshatutangulia."

Na ni kweli. Gari lake lilikuwa mbele, injini inanguruma, ziwa nyuma ya kilima. Angepanda tu akaondoka, angeshinda, na neno la Mama Mkwe ni neno. Angepewa mke wake.

Kamanda hakupanda.

"Katibu," akasema. "Nilivutwa."

"Lakini kamba..."

"Achana na kamba. Kanuni inasema 'aliyemtoa'. Mimi nimetolewa."

Katibu akasimama. Akafuta mikono kwenye suruali, akajikagua vifungo, akasema kwa sauti ya sherehe: "Basi aliyekutoa ni mkeo. Shemeji, una amri moja. Amri yoyote. Naye hatabisha."

Msomaji, ungekuwa wewe ungeamuru nini? Najua wengine wenu mngemwambia auze gari. Wengine mngemwambia arudi majini akatafute kiatu cha Katibu. Mke wa Kamanda alifikiri kidogo, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Akaupata. Kamanda akafungua mlango wa pembeni, tayari kupanda upande wa abiria.

"Hapana," mkewe akasema. "Wewe utapanda na Mama. Kutoka hapa hadi ziwani Mama ataongea, na wewe hutafungua mdomo wako. Utasikiliza. Tukifika nitakuuliza swali moja tu: Mama alisema nini. Ukijua, nakunja nguo zangu narudi nyumbani leo leo. Usipojua, mimi na wewe hatuna cha kuongea tena."

Kamanda karibu acheke kwa furaha. Hilo tu? Kusikiliza? Mtu mzima mwenye masikio mawili? Akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Basi wakaondoka. Gari jeusi mbele, mkewe kwenye usukani. Kigari cha kijani nyuma, Mama Mkwe anaendesha, Kamanda pembeni, Katibu na kiatu chake kimoja kiti cha nyuma.

Na Kamanda alisikiliza! Lazima nimtendee haki. Mama Mkwe alianza na habari ya jirani aliyefuga bata, na Kamanda akaisikiliza kwa bidii, anaihesabu kwa vidole: jirani, bata, ukuta, kesi. Akaingia kwenye habari ya mwalimu wa hesabu, kuanzia mwanzo kwa faida ya wageni. Kamanda akaishika yote, mpaka jina la utani la mwalimu. Alikuwa anajiona ameshafika nyumbani.

Kisha wakafika kwenye mawe.

Pale kilima kinapanda ghafla, mawe matupu, na gari jeusi likaanza kupanda mbele yao. Kamanda akaliona. Kwa mara ya kwanza tangu alinunue, aliyaona magurudumu yote manne yakivuta. La mbele likashika jiwe, likainuka, la nyuma likafuata, gari zima likapanda bila kuteleza. Mkewe alikuwa analiendesha kwa raha, kiwiko dirishani. Kamanda akasogea mbele kwenye kiti. Kumbe linaweza! Kumbe ndivyo linavyokuwa!

"Sasa, baba," Mama Mkwe akasema, na sauti yake ikabadilika, ikashuka. "Haya mengine yalikuwa mazungumzo ya njiani. Nina jambo."

Ona lile la kushoto, Kamanda alikuwa anawaza. Ona linavyojikunja.

"Mkeo amepewa kuongoza maabara ya hospitali mpya, upande wa pili wa nchi. Jumatatu anatakiwa atoe jibu. Alikuambia mezani, ukamjibu habari za matairi. Kesho yake akafungasha."

Hapo angeweka gia ya kwanza, aisee, ya kwanza. Ameiweka! Nani kamfundisha?

"Yeye anataka mwende wote. Kule nako watu wanalala, magodoro yatauzika. Nikamwambia, muulize tena. Akasema hawezi kuuliza mara ya pili, ataonekana anaomba. Ndiyo maana nakuuliza mimi, kabla hatujafika."

Kiti cha nyuma, Katibu alianza kuupiga teke mgongo wa kiti cha Kamanda. Kusema hakuweza, shahidi haruhusiwi kumsaidia mtu. Alipiga teke mara ya kwanza, akapiga tena kwa ule mguu wenye kiatu. Kamanda akadhani ni mawe ya njiani.

"Najua umekatazwa kusema," Mama Mkwe akasema. "Nijibu kwa kichwa tu. Je, unataka aende peke yake?"

Gari jeusi likafika juu, likazama upande wa pili. Kamanda akashusha pumzi. Ndipo akagundua kwamba ndani ya kigari kuna kimya, na kwamba Mama Mkwe anamtazama, anasubiri. Na mtu akitazamwa na mama mkwe wake namna ile, anayesubiri, afanyeje?

Akatabasamu. Akaitikia kwa kichwa.

"Haya," Mama Mkwe akasema.

Hakuongea tena mpaka ziwani.

Ziwa lilikuwa limetulia. Mke wa Kamanda alikuwa ameshalifungua hema juu ya paa, ngazi imeshushwa, na alikuwa amesimama kwenye majani, peku. Alipowaona uso wake ulifunguka kidogo, mimi nauita ule uso wa mtu anayetaka kusamehe akitafuta pa kuanzia.

Kamanda akateremka mbio, kifua mbele.

"Haya, niambie," mkewe akasema. "Mama alisema nini?"

"Habari ya jirani na bata wake! Ukuta ukabomoka, wakafika kwenye kesi. Halafu mwalimu wa hesabu, yule aliyeitwa Desimali..."

"Na baada ya hapo?"

Kamanda bado alikuwa anatabasamu. Tabasamu likaanza kuchoka. Akamgeukia Katibu. Katibu alikuwa anatazama mguu wake usio na kiatu, machozi yanamlengalenga.

"Usimsumbue, mwanangu," Mama Mkwe akasema kwa upole, akifunga mlango wa kigari. "Hilo la baada ya hapo keshanijibu. Nimemuuliza waziwazi, kakubali kwa kichwa, tena anatabasamu. Kasema uende."

Mkewe akamtazama mumewe. Alimtazama muda mrefu, na ule uso uliokuwa umefunguka ukaanza kujifunga.

"Umesema niende?"

Na Kamanda, ambaye tangu amuoe hajawahi kumuuliza mkewe swali lisilohusu gari akangoja jibu, akauliza.

"Uende wapi?"

Ufunguo wa gari ulikuwa bado mkononi mwa mkewe.